Mabaka ya Kuwasha Yasiyokoma: Tiba Zipo, Zifuate kwa Hatua

Mgonjwa ameacha dagaa, mayai na nyanya. Amebadilisha sabuni na mafuta ya kujipaka. Hata hivyo, kila jioni mwili unavimba mabaka na kuwasha kama aliyepitiwa na upupu. Asubuhi yote yametoweka, na akifika zahanati hana cha kuonyesha. Anachomwa "sindano ya aleji", anapata nafuu siku mbili tatu, kisha yanarudi.

Mabaka ya aina hii yakiendelea kuja na kupotea kwa zaidi ya wiki 6, madaktari huiita hali hiyo urtikaria sugu. Hukadiriwa kumpata mtu 1 hivi katika kila 100, wanawake zaidi kuliko wanaume. Haiambukizi, na kwa wagonjwa wengi inaweza kudhibitiwa kabisa.

Chanzo chake

Chini ya ngozi kuna seli za kinga zinazohifadhi kemikali iitwayo histamini. Seli hizo zikichokozwa huimwaga, mishipa midogo ya damu huvujisha maji, na ngozi huvimba na kuwasha. Kwa wagonjwa wengi kinachozichokoza ni kinga ya mwili wenyewe. Ndiyo maana chakula ni nadra kuwa chanzo cha urtikaria sugu, na kujinyima vyakula kumi kwa mkupuo humdhoofisha mgonjwa bila kumponya.

Wapo wengine ambao mabaka yao huletwa na kichocheo maalumu: baridi, jasho, jua, mkanda unaobana au kukwaruzwa. Jikwaruze taratibu kwenye mkono kwa kifuniko cha kalamu. Mstari ukivimba na kuwasha ndani ya dakika chache, mweleze daktari.

Kabla ya kwenda hospitali

Piga picha za mabaka kwa simu. Kisha chagua baka moja, lizungushie duara kwa kalamu na uandike saa. Baka la urtikaria hufifia ndani ya saa 24 bila kuacha alama. Likikaa zaidi ya hapo, likiuma kuliko kuwasha, au likiacha doa kama la damu iliyovilia, huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu unaohitaji uchunguzi mwingine.

Vipimo vya msingi ni vichache: picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini na, inapobidi, vipimo vya tezi ya shingo. Orodha ndefu za vipimo vya aleji ya vyakula, ambazo ni ghali, kwa kawaida hazisaidii.

Hatua za tiba

*Ya kwanza* ni vidonge vya kuzuia histamini visivyoleta usingizi sana, kama setirizini, loratadini au feksofenadini. Wengi hukosea hapa: humeza kidonge mwasho unapoanza na kuacha unapopoa. Dawa hizi hunywewa kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, kwa sababu kazi yake ni kuzuia. Piritoni ya zamani husababisha usingizi na kupunguza umakini, kwa hiyo haifai kuwa dawa ya kila siku, hasa kwa dereva au mwanafunzi. Mjamzito amwone daktari kwanza. Kwake, loratadini na setirizini ndizo zinazochaguliwa mara nyingi.

*Ya pili:* baada ya wiki 2 hadi 4, nafuu isipotosha, daktari anaweza kuongeza dozi ya dawa ileile hadi mara 4 ya kawaida. Huu ni uamuzi wa daktari, usijiongezee mwenyewe.

*Ya tatu* ni omalizumabu, sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 300 kila baada ya wiki 4. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Bei yake ni kubwa, hivyo uliza bima yako mapema. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha pia sindano ya dupilumabu na vidonge vya remibrutinibu.

*Ya nne* ni siklosporini, dawa ya kutuliza kinga. Anayeitumia lazima apimwe figo na shinikizo la damu mara kwa mara.

Tahadhari na steroidi

Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, ambazo mara nyingi ndizo zilizomo katika ile "sindano ya aleji", hutuliza haraka. Mabaka yakichachamaa, daktari anaweza kuzitoa kwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi 10. Zikizoeleka huleta kisukari, shinikizo la damu, mifupa kuwa dhaifu na maambukizi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo huweza kuchochea mabaka. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwa wagonjwa wengi.

Dalili za hatari

Ulimi au koo likivimba, pumzi ikibana, sauti ikibadilika au mgonjwa akizirai, mkimbizeni hospitali mara moja. Hapo kinachohitajika ni adrenalini, na vidonge vya aleji havitoshi.

Ugonjwa utaisha?

Kwa wengi hukoma wenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka 1 hadi 5. Kazi ya dawa ni kukuwezesha kulala, kufanya kazi na kusoma hadi wakati huo ufike.

Wataalamu wapo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wanahudumu katika nchi nyingi za Afrika. Ikiwa umezunguka kwenye maduka ya dawa kwa zaidi ya wiki 6, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Nenda na picha zako na orodha ya dawa ulizotumia, kisha muulize: "Niko hatua ya ngapi ya tiba, na isipofaa tunaenda wapi?"