Mradi wa kanisa jirani tuuige?

Swali: Usharika wetu wa Mbagala una vikoba vinavyosuasua, ilhali vya Wamoravian jirani vinastawi. Tukienda kujifunza kwao, hatutapoteza waumini?
Mzee wa kanisa, Temeke

Jibu: Mzee wangu, nendeni. Vikoba vyenyewe ni ushahidi: mbinu hiyo ilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ikafika kwetu, na leo Wakristo na Waislamu wanaitumia bila yeyote kubadili dini. Kilichosafiri ni utaratibu: hisa za kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu tofauti. Basi ombeni kuona katiba ya kikundi na daftari, hasa mikopo iliyokwama na namna ilivyorejeshwa. Hapo ndipo penye elimu, na kwa bahati mbaya ndipo makanisa yanapofichana.

Hofu yenu siidharau. Kunyang'anyana waumini kupo. Lakini Walutheri, Waanglikana na Wamoravian wamo pamoja katika Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yenye chimbuko la mwaka 1934, na kila mmoja amebaki na ibada yake. Kubalianeni mapema kwamba siku ya mafunzo hakuna mahubiri ya kuvuta watu. Mwandikieni mchungaji wao wiki hii.