Kabla ya Kiyoyozi, Tazama Paa

Wasomi wenzangu, wengi wetu tumepanga au tumekulia kwenye nyumba za safu: zile za zamani, ukuta mmoja nyumba mbili, jirani akikohoa unamsikia. Kwetu Tanga ni hivyo hivyo. Paa ni la bati, dari limeshatoboka, na joto la Novemba litamkuta mdogo wangu kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mama ametenga hela ya ukarabati, na mjadala nyumbani ni mmoja: tununue kiyoyozi au turekebishe nyumba kwanza? Mimi nasomea ualimu, si ujenzi, ila hesabu yenyewe ni fizikia ya sekondari tu.

Tuanze na umbo. Nyumba iliyosimama peke yake hupigwa jua kuta zote na paa. Ya katikati ya safu imekingwa na majirani pande mbili. Jua linaipata mbele, nyuma na juu. Huku kwetu, jirani na ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na paa. Bati likishapata moto hurusha joto chini bila kugusa kitu, kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso ukiwa pembeni.

Basi hela ya kwanza iende juu. Rangi nyeupe kwenye bati hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Karatasi ya alumini chini ya bati, ikiachiwa nafasi ya hewa, hupunguza joto linalorushwa. Kisha dari zima, na matundu ya kutolea hewa ya moto upande wa mbele na wa nyuma, maana pembeni ni kwa jirani. Lakini kama paa ni la asbesto, usilikwangue, usilitoboe wala kulikata. Vumbi lake huleta saratani, aitwe mtaalamu.

Upepo nao una njia moja tu: uingie mbele, utokee nyuma. Vyumba vya kati vikiufungia, hakuna kitu. Fundi atoboe matundu juu ya milango ya ndani, na madirisha yawekewe wavu wa mbu ili yalale wazi.

Sasa LUKU. Feni ya wati 60 kwa saa 8 inakula uniti 0.48. Kiyoyozi kinachovuta wati 900 muda wote huo kinakula uniti 7.2, yaani mara 15. Ni kweli kiyoyozi hupumzika chumba kikipoa, ila chini ya bati la moto kitapumzika saa ngapi?

Wewe uliyepanga geto, usimwage bumu kwenye nyumba ya mtu kabla hamjaandikiana na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi.

Hesabu hii nimeshampelekea mama. Uamuzi ni wake. Zoezi lako ni hili: saa tisa alasiri gusa ukuta wa jirani, kisha ukuta wa mbele, kisha nyoosha mkono kuelekea dari. Panapochoma zaidi ndipo pa kuanzia.