Mvua, Upepo na Mwinuko: Kumkinga Msafiri wa Vibanda vya Kilimanjaro na Kushuka kwa Joto la Mwili

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera ya taifa jipya juu ya kilele cha Kilimanjaro. Hadi leo, Desemba inapokaribia, vikundi vya Watanzania hupanda mlima huo kuadhimisha uhuru. Msimu huo huangukia kwenye mvua za vuli. Mkazi wa Dodoma anayejiunga nao hutoka kwenye uwanda wa joto na ukavu, akaingia katika ukungu, manyunyu na upepo kwa siku tano au sita.

Njia ya Marangu ndiyo pekee mlimani humo yenye vibanda vya kulala: Mandara (mita 2,720), Horombo (mita 3,720) na Kibo (takriban mita 4,700). Kuwapo kwa paa huwapa wengi matumaini kwamba baridi haitawadhuru. Somo hili linaeleza kwa nini hatari hutokea kati ya kibanda na kibanda, na kwa nini mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuitambua.

Baridi isiyohitaji barafu

Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa tofauti ya mwinuko pekee, hewa yenye nyuzi 28 mjini ingekuwa na nyuzi 11 hivi ikipandishwa hadi Horombo. Nyuzi 11 hazigandishi maji, lakini zinatosha kumdhuru mtu aliyelowa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayozidi ile ya hewa tulivu takriban mara 25, na upepo huongeza upotevu huo. Fulana ya pamba iliyolowa jasho na mvua huwa mzigo wa baridi juu ya ngozi.

Mhudumu wa wodi ya wazazi anaijua kanuni hii tayari. Mtoto mchanga hukaushwa mara moja, hufunikwa kichwa na kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu unyevu humwibia joto hata katika chumba kisicho na baridi kali. Mtu mzima mlimani huibiwa joto kwa njia ileile.

Dalili

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu amepatwa na haipothemia. Kipimajoto cha kawaida cha kioo huanzia hapo, hivyo hakiwezi kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mhudumu ategemee macho na masikio:

- Nyuzi 35 hadi 32: kutetemeka sana, vidole kushindwa kufunga zipu, kujikwaa, kununa, maneno kuvutika.
- Nyuzi 32 hadi 28: kutetemeka hupungua au hukoma, akili huchanganyikiwa, usingizi huzidi.
- Chini ya nyuzi 28: kupoteza fahamu, na moyo huweza kupiga bila mpangilio au kusimama.

Chukulia mfano wa msafiri anayetoka Mandara kwenda Horombo siku ya mvua. Kwa saa mbili ametetemeka, kisha ametulia. Anaketi juu ya jiwe na kusema, "Niacheni kidogo, sasa sisikii baridi." Wenzake huweza kufurahi kwamba amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto. Uamuzi usiachwe mikononi mwake. Mpagazi naye aangaliwe kwa jicho hilohilo, kwani jasho la mzigo humlowesha na kila kituo cha kupumzika humpoza.

Baridi au mwinuko?

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Kuyumba na kuchanganyikiwa kwaweza kuwa dalili ya ubongo kuvimba. Kuhema hata mtu akiwa amepumzika, pamoja na kikohozi, kwaweza kuashiria maji kwenye mapafu. Kwa kuwa kuyumba huonekana pia kwenye haipothemia, penye shaka mgonjwa atibiwe kwa yote mawili: apashwe joto, kisha ateremshwe bila kungoja kupambazuke. Mwenye dalili za mwinuko asipande zaidi.

Huduma ya kwanza

1. Mkinge na mvua na upepo. Mtenge na ardhi kwa godoro au mabegi.
2. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mvike nguo kavu, mfunike hadi kichwani.
3. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto zaidi.
4. Weka chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa kwapani na kifuani. Usimsugue mikono wala miguu.
5. Aliyeacha kutetemeka abebwe kwa upole akiwa amelala. Mtikiso huweza kuvuruga moyo wake.
6. Asiye na fahamu achunguzwe upumuaji hadi dakika moja. Asipopumua, aanze kufufuliwa. Baridi huweza kumfanya aliye hai aonekane amekufa.

Jiko la mkaa lisiingizwe kibandani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua waliolala.

Ushauri kliniki kabla ya safari

Mwenye selimundu ashauriwe asipande. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu, pumu, kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Kila msafiri afungashe nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki, na achague ratiba yenye siku ya ziada Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kikundi kikubaliane kabla ya kuondoka kwamba mmoja akishukiwa kuugua, hatabishana: atateremshwa na mwenzake. Wahenga walisema, kawia ufike.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kukoma kutetemeka si dalili ya nafuu?
2. Ufanye nini usipoweza kutofautisha haipothemia na ugonjwa wa mwinuko?
3. Utunzaji wa mtoto mchanga unafananaje na huduma ya msafiri aliyelowa?