Kuachiliwa, Kusamehewa na Kutakaswa

Mtu akirudi kwao Mwingi au Kibwezi baada ya kufikishwa mbele ya hakimu, jirani husema, "Ameachiliwa." Neno hilo moja hutumiwa kwa mambo yasiyofanana. Asiyelielewa aweza kutupa karatasi za shauri lake akidhani limekwisha, kumbe lingali hai. Kwa hiyo yafaa maneno haya yapambanuliwe moja moja.

KUACHILIWA. Maana yake ni kutoka rumande au kifungoni, wala si zaidi. Aliyetolewa kwa dhamana ameachiliwa, lakini shauri lake lingali mbele ya hakimu, na siku aliyopangiwa hana budi kuhudhuria.

KUONDOLEWA MASHITAKA. Mathalani mtu wa Mutomo ameshitakiwa kwa wizi wa mbuzi. Mwendesha mashitaka akiomba kuliondoa shitaka hilo, na hakimu akikubali, swali la kuuliza ni hili: limeondolewa wakati gani? Kwa Kifungu cha 87 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa mashauri ya jinai, likiondolewa kabla mshitakiwa hajaitwa kujitetea, huachiliwa, lakini aweza kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, hutamkwa kwamba hana hatia.

KUONEKANA HANA HATIA. Hii ni hukumu. Hakimu huitoa akiona ushahidi wa mashitaka hautoshi hata kumtaka mtu ajitetee, au akiisha kusikiliza pande zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, humkinga mtu huyo asishitakiwe tena kwa kosa lile lile. Hukumu hiyo husimama isipotenguliwa kwa rufani.

Lakini kuonekana huna hatia na kuwa huru havikufuatana sikuzote. Mwezi wa Aprili 1953, huko Kapenguria, watu sita walitiwa hatiani, miongoni mwao Jomo Kenyatta na Paul Ngei, Mkamba wa Kangundo. Mwaka 1954 rufani ya mmoja wao, Achieng Oneko, ilikubaliwa, akaonekana hana hatia. Hata hivyo serikali ya kikoloni haikumwachilia, bali ilimweka kizuizini kwa miaka mingi.

KUSAMEHEWA. Msamaha hausemi kwamba mtu hakukosa. Husema kwamba adhabu imeondolewa. Ngei huyo huyo ni mfano. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1974, mahakama ilimwona ametenda kosa la uchaguzi, akazuiwa kugombea kiti kwa miaka mitano. Mwaka 1975 Bunge lilibadili Katiba ili Rais aweze kusamehe makosa ya namna hiyo, na Ngei akasamehewa, akapata kugombea tena. Zuio liliondoka, hukumu ya kwamba alikosa haikugeuzwa.

KUTAKASWA. Neno hili si la hakimu, ni la watu. Katika desturi za Ukambani, ugomvi uliowashinda wazee wa nzama uliweza kupelekwa kwenye kiapo cha kithitu. Aliyeapa alingojewa kwa muda uliowekwa. Msiba ukimpata yeye au jamaa zake, alihesabiwa kuwa mwongo. Muda ukipita salama, lawama ilimtoka mbele ya watu wote. Kiapo hicho kiliogopwa sana, na hata siku hizi hutajwa katika ugomvi wa mashamba huko Kitui na Makueni. Sheria haikihesabu kuwa hukumu ya jinai, lakini chaonyesha jambo ambalo hakimu hawezi kulitoa peke yake: jirani kukubali moyoni kwamba mtu ni safi.

Basi mtu aliyetoka mahakamani asitosheke na kusikia "nenda nyumbani." Amwulize karani ni neno gani lililoandikwa katika shauri lake, aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, naye aiweke vizuri. Itamfaa akishitakiwa tena, na itamfaa siku mwajiri au ukoo wa mchumba utakapouliza habari zake. Nao majirani wana wajibu wao: aliyeonekana hana hatia asiendelee kuitwa mwizi sokoni, kwa maana hukumu huandikwa siku moja, lakini jina la mtu hutajwa kila siku.