Wajibu wa Baba kwa Mwanawe wa Chuo Kikuu Mwaka wa Masomo Unapokwisha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, somo letu hili ni juu ya jambo ambalo kila mwaka hufika katika nyumba nyingi za pwani yetu na visiwa vyake, nalo ni hali ya wana wetu, waume kwa wake, wanaosoma vyuo vikuu, pale mwaka wa masomo unapokaribia kwisha. Siku hizo zina mambo matatu yafuatanayo: mtihani, matokeo, na kurejea nyumbani. Katika kila moja ya hayo baba ana la kufanya, na ana la kuliepuka.

Elimu hii si ngeni kwetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika Sahifa aliyoianzisha Mombasa mwaka 1930, na katika Al-Islah ya mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasiache elimu ya dunia kwa kushika ya dini, wala ya dini kwa kushika ya dunia. Mwaka 1951 skuli ya ufundi iliyojengwa Mombasa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipokea wanafunzi wake wa kwanza, nayo baada ya kugeuka mara kadha wa kadha ndiyo leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata daraja hiyo mwaka 2013. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na Unguja kuna Chuo Kikuu cha Taifa kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Basi mlango u wazi. Lililobaki ni kujua namna ya kumshika mkono aliyeingia.

Tofauti yatupasa tuijue

Katika chuo cha Qur'ani mwalimu amjua baba, na baba amjua mwalimu. Mtoto akishindwa na juzuu yake, khabari humfikia baba kabla ya magharibi. Katika skuli kadhalika, baba huletewa karatasi ya matokeo akaisoma. Chuo kikuu si hivyo. Mwanafunzi huhesabiwa kuwa mtu mzima. Matokeo yake huwekwa katika mtandao wa chuo, naye huyafungua kwa neno la siri alijualo yeye. Kwa hivyo aghlabu baba hajui ila analoambiwa na mwanawe.

Ikiwa mwana amwogopa baba kuliko anavyomwamini, siku atakayoanguka atanyamaza. Mara ya kwanza hunyamaza kwa haya. Mara ya pili hunyamaza kwa kuificha ile ya kwanza. Na hutokea mtu akapokea ada na nauli mwaka mzima, hali jina lake limekwisha ondolewa chuoni. Huyu hakuzaliwa mwongo. Alikosa mahali pa kuisema kweli.

Basi muradi wa somo letu ni huu: msaada mkubwa wa baba mwisho wa mwaka si fedha peke yake, wala si nasaha ndefu, bali ni kumwezesha mwana aseme kweli mapema, wakati ambapo kweli hiyo ingali na dawa.

La kwanza: kabla ya mtihani

Vyuo vingi humzuia mwenye deni la ada asiingie mtihanini. Mikopo ya serikali, ya HELB kwa Kenya na ya Bodi ya Mikopo kwa Tanzania, haimpati kila aombaye, wala haikidhi kila haja. Basi miezi miwili kabla, mwulize: wadaiwa kiasi gani, na siku ya mwisho ya kulipa ni ipi? Ikiwa huna, mwambie huna, ili apate kwenda katika ofisi ya fedha ya chuo aombe kulipa kwa mafungu. Baba asemaye "In shaa Allah" hali ajua kuwa hana wala hatafuti, amemfungia mwanawe njia. Neno hilo ni la azma, si la kumwondoshea mtu mlangoni. Twataka mwana atwambie kweli. Na kweli ianze kwetu.

La pili: siku za mtihani

Mwana akaaye nyumbani apunguziwe kazi siku hizo. Asitumwe dukani, wala asiamrishwe kuwapokea wageni. Na khasa binti: twamwona amekesha na daftari zake, alfajiri aamshwa akakande unga, na jioni atakiwa arusini kwa jamaa, kisha twauliza mbona nduguye amempita. Huo si uadilifu. Wala tusidhani kukesha usiku kucha ni bidii, kwani usingizi ndio huyatuliza katika akili yale yaliyosomwa.

Aliye mbali asipigiwe simu usiku wa kuamkia mtihani akaelezwa ugomvi wa mirathi au hasara ya duka. Apigiwe aambiwe kuwa aombewa. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika dua zisizorudishwa, basi tusiigeuze ikawa kitisho cha radhi.

La tatu: matokeo yanapotoka

Wengi katika sisi hatukupita njia hii, na kwa kutojua twaona jambo dogo kuwa kubwa. Kufeli somo moja si kufeli mwaka. Vyuo vyetu vingi vina mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wa Tanzania wauita "sapu". Aliyefeli masomo mengi huenda akarudia mwaka. Aliye chini kabisa ya kiwango ndiye huachishwa, nao husema "amedisko". Kila chuo kina kanuni zake.

Kwa hivyo mwana akikwambia amefeli, mwulize matatu: ni somo gani, marudio ni lini, na yataka nini? Maneno haya yana faida. Ama kusema "mbona mwana wa fulani amepita?" hakuna faida, ila kwamba mwaka ujao hatakwambia. Na lau ameachishwa, mara nyingi ana haki ya kukata rufani kwa siku maalumu, na siku hizo hupita yeye akiwa amenyamaza. Rufani isipokubaliwa, kuna fani nyingine, na kuna vyuo vya ufundi. Rizki haikuandikwa katika shahada moja.

La nne: kurejea nyumbani

Mabweni hufungwa mwaka ukiisha. Basi nauli ipelekwe mapema, mwana asije akauza godoro lake apate kurudi. Akifika, tusimpokee kwa hesabu. Sheria yetu yampa mgeni ukarimu wa siku tatu. Mwanao hastahiki chini ya mgeni. Baada ya hapo kaa naye baada ya isha, mzungumze juu ya mwaka uliopita na ujao. Tazama sura ya 31: Luqman amwusia mwanawe mambo mazito, na mara tatu amwita kwa jina la mapenzi. Mapenzi yametangulia, wasia ukafuata.

Masuali

Suali: Je, upole huu hautamfanya mwana kuwa mvivu?

Jawabu: Upole si kuacha hesabu. Aliyefeli kwa uvivu aambiwe hivyo waziwazi, faraghani, wala si barazani, na awekewe sharti: likizo hii atasoma saa kadha kila siku, na atafanya kazi apate sehemu ya gharama za marudio. Sharti humjenga mtu, matusi humfukuza.

Suali: Mwanangu humwambia mamake, mimi haniambii.

Jawabu: Mshukuru mamake, wala usimlaumu kwa kuwa ameaminiwa. Kisha jiulize ni neno gani ulilosema mara ya mwisho mwanao alipokujia na khabari mbaya.

Suali: Mwana halali, hali, ajitenga na watu, na asema maisha hayana maana.

Jawabu: Huyu hakemewi, wala haambiwi kuwa imani yake ni haba. Asomewe Qur'ani, na siku ile ile apelekwe hospitali. Asiachwe peke yake mpaka aonwe na mganga wa huko. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tutafute dawa, na maradhi ya moyo ni maradhi. Kombe peke yake halitoshi.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa kwa nini mwana hakupata daraja ya kwanza. Twaogopa tusije tukaulizwa kwa nini alipoanguka aliona afadhali kwenda kwa mtu baki kuliko kuja kwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie wana wetu fahamu, awaongoze katika kheri, na atujaalie sisi baba zao kuwa pahala pao pa amani. Amin.

Wabillahi ttawfiq.