Seti ya fedha au ya kawaida?

SWALI: Nalima korosho Newala, na kila msimu natenga kidogo kununua sarafu za Tanzania. Mtu wa Masasi ana seti ya kawaida ya 1966 na sarafu za fedha za 1974. Nianze na zipi?

JIBU: Anza na ya 1966. Ndiyo seti ya kwanza ya taifa letu: senti 5, 20, 50 na shilingi 1, zote zenye sura ya Mwalimu Nyerere, mwaka uleule Benki Kuu ilipofungua milango. Madini yake si ya bei, unanunua historia. Hakikisha tu ni zile zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji, uso uking'aa kama kioo. Zilizopita sokoni zimejaa tele.

Sarafu za 1974, twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50, zilitolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama. Hapo usinunue bila mizani. Twiga aliyepigwa maalumu ana fedha asilimia 92.5 na uzito wa gramu 28.28, yule wa kawaida ana asilimia 50 tu, na hafiki gramu 26. Bei haiwezi kuwa moja. Mwombe muuzaji mwende kwa sonara, apime mbele yako.

Kinachonitia wasiwasi ni ukungu wa huko juu Newala. Fedha hushika weusi. Ukiuona, usisugue kwa majivu wala dawa ya meno: mkwaruzo haufutiki, na thamani huporomoka. Shika sarafu ukingoni, usizifunge kwa mpira, na tafadhali usiivunje seti ili kuuza mojamoja.