Gari ndogo au gari ya juu? Pigeni hesabu kabla ya kutoa pesa ya nyanya

Najua wengi mlitegemea sehemu ya pili ya somo la kanitangaze. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho kila msimu wa nyanya ukiisha hapa Ilula napigiwa simu nyingi kuliko hata za ukungu: gari.

Mwanzoni mwa Januari kijana mmoja wa kikundi chetu, ekari mbili za nyanya na moja ya vitunguu, alinipigia usiku. "Bwana shamba, shikamoo. Nimepata dalali. Kuna gari ya juu, namba D, milioni 19. Kuna IST, milioni 12. Mimi mkononi nina 16 na nusu, nyingine naweza kukopa. Unanishauri nini?"

Nikamjibu hapo hapo: "Mdogo wangu, chukua IST, hela inayobaki rudisha shambani." Nikakata simu nimeridhika kabisa. Naomba nieleze kwanza kwa nini nilisema vile, halafu niwaambie nilikosea wapi.

Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ni ya mafuta. IST ya injini ya 1.5 ikiwa nzima, ukichanganya lami na vumbi, inakwenda kama kilomita 13 kwa lita. Gari ya juu ya injini ya 2.4, kwenye milima yetu hii, ikikupa 8 ushukuru. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi na lita ni shilingi 3,000 (wewe weka bei ya kwako, EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). Gari ndogo itakunywa lita 115, yaani kama 346,000. Ya juu itakunywa lita 187 na nusu, yaani 562,500. Tofauti ni zaidi ya laki mbili kila mwezi, na kwa mwaka inakaribia milioni 2 na laki 6. Ukiweka mfuko wa mbolea 70,000, hiyo ni mifuko 37. Inamwagika kwenye tenki tu.

Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2017 hatulipi tena leseni ya barabara ya kila mwaka. Ile kodi ilihamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo mwenye gari inayokunywa sana anailipa kila anaposimama kituoni, hata kama hajui.

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, angalia ukubwa wa injini kabla ya kuangalia rangi. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000, ukivuka hapo ni 10. Gari ikiwa na zaidi ya miaka kumi kuna nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30. Hapo ndipo watu wanapoona gari mtandaoni ina bei ya pikipiki, ikifika bandarini wanaanza kuuza mbuzi.

Na tairi. IST inavaa 185/65 ya rimu 15, zimejaa kila duka. Harrier nyingi zinavaa rimu 17, nyingine 18. Uliza bei ya tairi nne kabla hujauliza bei ya gari, utanielewa.

Hiyo ndiyo sababu ya jibu langu la haraka. Sasa upande wa pili, na hapa naongea kama mtu aliyeungua.

Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa mshahara nikanunua IST. Wenzangu ofisini waliiita bebi woka, mimi sikujali. Kwa safari za lami, kwenda Iringa mjini na kurudi, sijawahi kujuta. Tatizo ni pale nilipoanza kuifanya Canter. Siku moja narudi kutoka shamba la mfano nikalaza viti vya nyuma, nikapakia matenga manne ya nyanya na watu wawili mbele. Gari ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Kwenye korongo jiwe likagonga sampo. Nilisikia kabisa ule mlio. Taa nyekundu ya oili ikawaka, nikajisemea, acha nifike barabarani, ni kilomita tatu tu.

Injini ilinoki kabla ya kilomita ya pili. Nilinunua injini nyingine ya mtumba kwa shilingi 1,800,000, na mkopo wenyewe ulikuwa bado una miaka mitatu. Taa ya oili ikiwaka, zima gari. Usitembee hata mita mia. Kuvutwa na trekta siyo aibu.

Uvungu wa IST kutoka ardhini ni kama sentimita 15, ikiwa haina mzigo. Gari nyingi za juu zina 19 au 20. Sentimita nne au tano zinaonekana ndogo ukiwa umesimama dukani. Kwenye njia ambayo malori ya vitunguu yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, hizo ndizo zinazoamua kama unalala nyumbani.

Lakini urefu peke yake haukutoi kwenye tope, na hapa vijana wengi mnaibiwa mchana kweupe. RAV4, Harrier na Vanguard nyingi zilizopo sokoni zinavutwa na tairi za mbele tu, sawasawa na Vitz. Dalali atakwambia "hii ni fo wili" huku anakutazama usoni. Wewe lala chini uchungulie. Kama kuna propela inayotoka mbele kwenda kwenye difu ya nyuma, na shafti zinatoka kwenye difu kwenda tairi za nyuma, hapo kuna mazungumzo. Kama katikati ya tairi za nyuma hakuna difu, umepewa gari ndogo iliyovaa viatu virefu, na utalipia mafuta ya urefu bila faida yake.

Ukiwa huko chini angalia na injini. Ikiwa imeandikwa D4 juu ya kava, muulize fundi wako kwanza. Ile pampu yake ya presha ya petroli ni ghali na mafundi wetu wengi hawaipendi. Zile 2.4 za Toyota za kuanzia kama 2006 hadi 2009, baadhi zina ugonjwa wa kula oili. Iwashe ikiwa ya baridi, mtu mwingine akanyage mafuta, wewe simama nyuma uangalie moshi. Ukiwa wa bluu, ondoka.

Na wale wanaosema gari ya juu ni salama zaidi: ni nzito, kweli, lakini uzito wake uko juu pia, kwa hiyo kwenye kona ya ghafla ni rahisi kupinduka kuliko ndogo. Kitonga mnaijua. Ukiteremka na automatiki, iwe ndogo iwe kubwa, weka gia ya 2 au L, usiikalie breki mpaka inuke.

Turudi kwa yule kijana. Siku ya pili baada ya simu nilikaa nikajiuliza: zile kilomita 1,500 nimezitoa wapi? Ni zangu mimi! Ndizo ninazotembea kuzunguka vijiji. Yake sikumuuliza. Nikampigia tena, nikamwambia asilipe hata senti ya kishika uchumba kwa dalali, anunue daftari la shilingi mia tano. Kwa siku 30 aandike kila safari ya nyumbani kwake: nani, wapi, kilomita ngapi, mzigo gani, njia ikoje, amelipa nauli kiasi gani. Nikamsisitiza na mke wake aandike.

Wiki iliyopita waliniletea. Jumla ilikuwa kilomita 640. Hapo hesabu yangu yote ikabadilika. Kwa kilomita 640, IST ingekunywa kama 148,000. Gari ya juu ya 2.0 inayokwenda kilomita 9 kwa lita ingekunywa kama 213,000. Tofauti ni elfu 65, siyo laki mbili. Mzigo mzito ulikuwa siku tano tu, na siku zote hizo alikodi Canter, kama inavyotakiwa. (Kama mzigo wako ni mdogo lakini wa kila siku, usinunue yoyote kati ya hizi, tafuta kirikuu. Ila ujue kile kimetengenezwa kubeba kilo 350, siyo tani.)

Halafu nikafungua kurasa za mke wake. Ni mjamzito, anatarajia mwishoni mwa Machi. Nyumba yao iko kilomita 11 kutoka lami, njia ya udongo mwekundu, na mvua zetu zinafika hadi Aprili. Ameandika kwa mwandiko mdogo: "Zahanati, boda 8,000, tope, nilishuka nikatembea mlima." Siku nyingine: "Zahanati, boda imekataa, nimerudi." Mume wake alikuwa anasoma mistari ile pamoja na mimi. Hakuwa anajua hiyo ya kurudi.

Nikamwambia, futa jibu langu la kwanza.

Tulichokubaliana ni hiki. Milioni 3 zimeshatoka pembeni kwa mbegu, mbolea na dawa za msimu ujao, ziko kwenye akaunti ya kikundi na hazigusiki. Hakuna kukopa. Gari ya milioni 19 imekufa hapo, ile 2.4 niliichungulia mwenyewe na haina difu ya nyuma. Kwa milioni 13 na nusu iliyobaki tunatafuta Escudo ya 2.0, hata kama ni namba C, yenye kuvuta tairi zote nne, na laki tano ya bajeti ni ya tairi na bushi siku ile ile inaponunuliwa.

Ila gari haitafutwi kwa kukimbizana na tumbo. Mke anahamia kwa shangazi yake karibu na zahanati kuanzia wiki ijayo, gari ipatikane isipatikane. Jumamosi tunakwenda Iringa na fundi kuangalia moja. Nimemwambia kijana avae nguo za shamba, kwa sababu yeye ndiye atakayelala chini.